Mkia wa Makaka

Fundi Pamba hakuwa mtu wa uongo. Tulimalize hilo mapema, kwa sababu habari yake inahusu uongo mmoja uliokaa ndani ya kabati la kioo kwa miaka ishirini na sita, yeye mwenyewe akiupangusa vumbi kila Jumatatu, na watoto wa shule wakipita mbele yake wawili wawili, wameshikana mikono kama walivyoagizwa.

Jina la Pamba alilipata kazini, kwa ajili ya nyuzi za pamba zilizoganda kwenye mikono ya shati lake wiki nzima. Kazi yake ilikuwa kuwajaza wanyama waliokufa wa jumba la makumbusho na kuwafanya waonekane kama wana haraka ya kwenda mahali. Karakana ilikuwa nyuma ya jengo: chumba kirefu, dirisha lililofungwa kwa waya, meza ya mbao yenye makovu ya visu, birika la umeme, na kabati la droo ndogo ndogo zenye macho ya kioo, yamepangwa kwa ukubwa kuanzia ya panya hadi ya nyati. Chumba kilinuka gundi na dawa ya nondo. Pamba naye alinuka hivyo hivyo, na mkewe aliacha kulalamika walipopata mtoto wa pili.

Alikuwa mtoto wa fundi viatu, shule aliishia darasa la saba. Alipokuwa na miaka ishirini na tisa aliitwa pale makumbusho kushona kochi la mkurugenzi lililochanika. Alikuwa amepiga magoti sakafuni, sindano mkononi, pale bwana mmoja mrefu mkavu alipopita, akasimama, akainamia kochi kwa muda mrefu kiasi kwamba Pamba alidhani ameangusha kitu.

“Unaweza kushona fisi maji?” bwana yule aliuliza.

“Naweza kushona chochote kisichokimbia,” alisema Pamba.

Bwana hakucheka. Akaenda, akarudi na fisi maji.

Huyo alikuwa Profesa, mkuu wa idara ya wanyama, na tangu siku hiyo Pamba hakurudi kwenye viatu. Profesa alikuwa mtu wa ukweli kupita kiasi. Siku moja alimkatiza mkurugenzi katikati ya hotuba ya kufungua ukumbi, wageni wote wameketi, kwa sababu mkurugenzi huyo alisema popo ni ndege. Alisubiri mkurugenzi ajirekebishe, akasema asante, akakaa chini. Pamba alikuwa amesimama nyuma akishika kamba ya pazia, na moyoni alisema kwamba huyu ndiye mtu wa kumfuata.

Kila saa nne, wakati wa chai, Profesa alimchukua Pamba na kikombe chake mpaka kwenye kabati refu la ukumbi wa chini. Lilikuwa kabati la urefu wa hatua kumi na nane, na ndani yake walipangwa komba, kima, sokwe na jamaa zao wote, ambao wataalamu huwaita primati na ambao mtaani, kama tunavyojuana, kila mwenye mikono na sura ya kuudhi ni nyani tu.

“Anza na pua,” Profesa alisema. “Usimtazame machoni, atakudanganya.”

Mwanzo wa kabati, upande wa kushoto, walikaa wenye pua mbichi: komba na lemuri. Pua yao ina ncha isiyo na manyoya, yenye unyevu kama ya mbwa, na wanaitegemea kwa mambo mengi ya maisha. Meno yao ya mbele ya chini yamelala kama chanuo, na kazi yake ni hiyo hiyo ya chanuo. Vidole vyao vina kucha bapa kama zetu, isipokuwa kidole cha pili cha mguu, ambacho kimebaki na ukucha mkali wa kujikunia. Kwa Pamba maana yake ilikuwa moja: wa pua mbichi alipakwa vanishi puani mara mbili ili ing’ae, na wa pua kavu hakupakwa kitu.

Ndiyo maana tarsia alimpa shida. Tarsia ni mnyama wa kutosha kiganjani, macho yameujaza uso wote, na Pamba alikuwa amekwisha kumpaka vanishi na kumweka kati ya komba. Profesa alifungua kioo, akamshika tarsia kwa vidole viwili, akamhamishia hatua moja kulia.

“Macho ya komba,” alisema, “lakini pua kavu. Huyu ni wa upande wetu. Mfute.”

Pamba akamfuta. Baada ya tarsia walifuata kima wa Amerika, ambao matundu yao ya pua yako mbalimbali na yanatazama pembeni, na baadhi yao hushika tawi kwa mkia kama mkono wa tano. Kisha kima wa Afrika na Asia, wakiwamo tumbili, mbega na nyani wenyewe: matundu ya pua yamekaribiana na yanatazama chini, matako yana sugu za kukalia, na mkia haushiki kitu, unasawazisha tu. Mwisho kabisa walikaa sokwe wa kila aina, wadogo na wakubwa, vifua vipana, mikono mirefu kuliko miguu, mabega yanayozunguka kiasi cha kuweza kuning’inia kutwa nzima. Na baada ya gorila, mwisho wa hatua ya kumi na nane, Profesa alikuwa amebandika kioo cha kujitazamia. Chini yake paliandikwa “Na wewe”. Watu wazima walisimama pale wakirekebisha kola.

“Ukichanganyikiwa kati ya kima na sokwe,” Profesa alisema siku moja akimalizia chai, “mgeuze. Ana mkia, kima. Hana mkia, sokwe. Imekwisha.”

Pamba aliipenda kanuni hiyo kuliko zote. Ilikuwa fupi, ilihusu mambo ya kushikika, na ilikuwa sayansi. Aliwafundisha walinzi, aliwafundisha shemeji zake, na aliwahi kuisema kwenye kikao cha harusi ambako hakuna aliyekuwa ameuliza.

Mwaka wa tano wa kazi Profesa alilazwa hospitali kwa ajili ya mgongo, miezi miwili kamili. Wakati huo huo liliwasili sanduku kutoka jumba jingine la makumbusho, la mbali, walilokuwa wamekubaliana nalo kubadilishana wanyama. Karatasi ilisema: makaka, kima, wa milima yenye theluji huko kaskazini. Pamba alifungua sanduku kwa nyundo, akamtoa makaka, mnene, manyoya ya rangi ya udongo mkavu. Akamgeuza. Hana mkia.

Alisimama akafikiri. Karatasi imesema kima. Kima ana mkia. Huyu hana mkia. Basi mkia umepotea. Hakuna kosa lolote katika hesabu hiyo, isipokuwa pale mwanzoni.

Aliyamwaga maranda yote yaliyokuwa sandukuni akayapekua kwa mikono. Alipata misumari mitatu na kifungo cha shati. Akawalaani kimoyomoyo wafungaji mizigo wa jumba lile, watu wa kumsafirisha mnyama na kusahau kiungo chake, na akaamua kutowaandikia barua, wasije wakaaibika.

Rafu ya chini kulikuwa na kima mzee aliyeliwa na nondo mpaka akabaki mkia. Rangi haikulingana. Pamba aliulowesha mkia kwenye chai ya rangi siku mbili, akaukausha, akalinganisha, akaulowesha tena. Tatizo lilibaki kwenye kiungio, kwa sababu mshono wake ulikuwa wa viatu na ulionekana. Akamtia makaka ndani ya gunia pamoja na mkia, akaenda nao nyumbani.

Mkewe alikuwa akishona sare za shule pale sebuleni, na alikuwa na mshono mmoja wa mkono, usioonekana kabisa, aliouweka kwa ajili ya pindo za suti za watu wanaojisikia. Alitandika magazeti mezani, akamlaza makaka kifudifudi, akavaa miwani. Watoto walikuwa upande wa pili wa meza wakifanya hesabu za shule.

“Hivi huyu anahitaji mkia kweli?” aliuliza, ameshika uzi mdomoni. “Mbona kama amezaliwa hivihivi?”

“Ni kima,” alisema Pamba. “Kima ana mkia.”

“Haya. Wewe ndiye mtaalamu.”

Akashona. Alipomaliza, Pamba alipitisha kidole mara tatu na hakuona mkia ulipoanzia.

Profesa alirudi kazini na fimbo. Siku ya kwanza alipita kwenye kabati, akafika kwa makaka, akasimama. Alitazama kwa muda mrefu. Pamba alisimama kando, mikono nyuma, akijaribu kutotabasamu.

“Umeshona mwenyewe?” Profesa aliuliza.

“Na mama watoto.”

“Mshono hauonekani,” alisema Profesa.

“Ndiyo, Profesa.”

Profesa akakohoa, akaenda kunywa chai peke yake. Kwa Pamba hizo ndizo sifa kubwa kuliko zote alizowahi kupewa na binadamu, na alizirudia nyumbani neno kwa neno, pamoja na kikohozi.

Walizeeka pamoja. Profesa alipata kitabia kimoja, ambacho Pamba alikizoea kama mtu anavyozoea mlango unaolia. Alikuja karakana, akaegemea fremu ya mlango, mkono mmoja mfukoni.

“Fundi,” alisema, “kuna jambo.”

“Ndiyo, Profesa?”

Kimya.

“Gundi ipo?”

“Ipo, Profesa.”

“Vizuri.” Na akaondoka.

Ilikuwa hivyo pengine mara moja kwa wiki. Pamba alichukulia kwamba ni mambo ya utu uzima na akahakikisha gundi haikosekani. Hata Profesa alipolazwa mara ya mwisho, Pamba alipokwenda kumwona, mzee alimshika mkono kitandani, akasema, “Fundi, kuna jambo.” Pamba akamwambia asiwe na wasiwasi, gundi ipo ya kutosha mwaka mzima. Profesa alimtazama, akafumba macho. Alizikwa wiki ile ile. Hiyo ilikuwa miaka tisa iliyopita, na Pamba alilia makaburini bila kujificha, wafanyakazi wenzake wakashangaa, maana hata mkurugenzi alipostaafu hakulia, ingawa kwa hilo hakuna aliyelia.

Nafasi ya Profesa ilikaa wazi miaka kadhaa, kisha akaja Daktari. Alikuwa msichana wa juzi, wa miaka thelathini na kidogo, mwenye kalamu tatu mfukoni, ambaye alimwamkia Pamba shikamoo kila asubuhi hata alipokuwa anamtuma. Alisema aliwahi kupita kwenye lile kabati akiwa darasa la nne, ameshikana mikono na mwenzake. Pamba alimuuliza alimpenda nani zaidi. Gorila, alisema. Wote husema gorila.

Mwezi mmoja kabla ya Pamba kustaafu, Daktari alimwita ofisini akamwambia mambo mawili. La kwanza, ukumbi wa chini unafanyiwa ukarabati, maelezo yote ya kabati refu yanaandikwa upya, naye Alhamisi ya wiki inayofuata atashuka na mpiga picha kumpiga picha kila mnyama, mbele na nyuma. La pili, uongozi umekubali kuweka kibao cha shaba juu ya kabati hilo, chenye jina la aliyewatengeneza wanyama wake.

“Jina lako kamili, Fundi,” alisema Daktari. “Ilibidi tuulize masjala. Hakuna aliyekuwa analijua.”

Pamba alishuka ngazi akimfikiria baba yake. Baba yake alishona viatu miaka arobaini na jina lake halikuandikwa popote, hata kwenye kibanda. Nyumbani alimweleza mkewe ukubwa wa kibao kwa kutumia sahani. Siku ile hakutaka kitu kingine duniani zaidi ya kibao hicho, na hakuona haya kusema hivyo.

Ijumaa Daktari alimpa rasimu ya maelezo mapya ayapitie, aone kama wanyama wamefuatana sawa. Pamba alichemsha chai, akavaa miwani, akasoma kwa utaratibu, kidole juu ya mstari. Komba, sawa. Tarsia, pua kavu, sawa. Akafika kwa makaka.

“Makaka wa milima ya kaskazini. Ni kima, ingawa hana mkia. Wageni wengi humdhania sokwe.”

Pamba alicheka. Wasomi wa siku hizi! Akachukua penseli arekebishe. Kisha akaiweka chini, akaenda maktaba ya ghorofa ya kwanza, akaomba vitabu vyenye picha. Alipata makaka saba wa milima hiyo. Mmoja amekaa juu ya jiwe, wawili wanachambuana chawa, wengine wanapanda mwamba wamempa mgongo. Hakuna aliyekuwa na mkia. Pamba alijaribu kwa dakika kama kumi kuamini kwamba wote saba walikatika mikia ajalini. Kisha akafunga vitabu, akashukuru, akarudi karakana na kukaa kwenye kigoda huku macho ya nyati yakimtazama kutoka kwenye droo.

“Mimi si nilikuuliza?” alisema mkewe jioni ile, akiwa kwenye cherehani.

“Uliuliza.”

“Kwa hiyo nimemshonea kiumbe wa watu kitu ambacho hakukihitaji.”

“Ndiyo, mama watoto.”

“Na chai ukamtia.”

“Na chai.”

Mkewe akasimamisha cherehani, akamtazama vizuri, akaona kwamba mzee wake hali si nzuri. “Kamwambie yule binti,” alisema. “Atacheka, yataisha.”

“Hatacheka. Ataandika. Kila kitu wanaandika siku hizi. Miaka ishirini na sita, mama! Na kwenye shaba watanitajaje? Fundi aliyemtia kima mkia wa mtu mwingine? Jumatatu tumefunga. Nitautoa kimyakimya. Alhamisi watamkuta kama alivyozaliwa. Nani anamtazama makaka? Wote wanakwenda kwa gorila.”

“Wewe utoe mshono wangu? Utaichana ngozi yote.” Akarudi kwenye cherehani. “Nitakuja mwenyewe.”

Katika miaka thelathini na mmoja mama huyu hakuwahi kupita geti la makumbusho. Alikuwa na msimamo kwamba kitu kilichokufa hakina ruhusa ya kumtazama. Jumatatu saa tatu alikuja na mkasi wake mdogo ndani ya pochi, akamsalimia mlinzi, akapita ukumbini akitazama sakafu, akaingia karakana, akafunga droo zote za macho moja baada ya nyingine. Makaka alikuwa tayari mezani, kifudifudi, kama ile siku.

Alivaa miwani, akainama. Akapitisha ukucha kwenye kiungio cha mkia. Akazunguka meza, akaangalia upande wa chini.

“Huu si wangu,” alisema.

“Si wako vipi? Ni wako, nilikuwepo.”

“Huku juu ni wangu. Huku chini hapa, mishono mitano, si yangu. Tazama. Mimi nalaza uzi. Huyu kausimamisha, kama mtu anashona jeraha. Tena hajui.” Aliongea kwa hasira ya kweli. “Nani kaifungua kazi yangu?”

Funguo za kabati zilikuwa mbili, yake na ya mkuu wa idara. Mkewe akaikata mishono mitano, akaingiza vidole, akavuta pamba kidogo. Pamoja na pamba ikatoka kadi ya kumbukumbu ya zamani, aina ile waliyokuwa wakiandikia wanyama kabla ya kompyuta, imekunjwa mara mbili. Pamba aliujua mwandiko kabla hajaifungua yote. Juu kulikuwa na tarehe, ya miaka ishirini na mitano iliyopita.

Mkewe alisoma kwa sauti, kwa kuwa Pamba aliona ukungu.

“Fundi. Kama unasoma hii basi umekwisha jua, na nafikiri umekuja siku tumefunga, maana hata mimi nimekuja hivyo. Makaka huyu hana mkia. Kanuni niliyokupa ilikuwa yangu na ni mbovu. Niliisema kwa kuwa ilisikika vizuri. Nimekuja kuutoa mkia bila wewe kujua. Nimefungua kidogo, nimeona kazi ya mama watoto, nikakosa mkono wa kuikata. Nimerudishia mwenyewe, nisameheni kwa mshono. Si haki ujue kwa njia hii. Nitakuambia mwenyewe wiki ijayo.”

Mkewe akaikunja kadi. “Maskini,” alisema. “Angeniita ningemshonea.”

Pamba alikaa kwenye kigoda. Kwanza alikasirika, kwa mara ya kwanza maishani, juu ya mtu aliyekuwa kaburini. Bwana yule alimnyamazisha mkurugenzi mbele ya wageni kwa ajili ya popo! Lakini yeye Pamba akamwacha asimame pembeni ya kabati kama mjinga, mikono nyuma, akiwaambia walimu wa shule watazame mkia. Kisha akamwona amesimama pale mlangoni, bega kwenye fremu, mkono mfukoni. Miaka kumi na sita baada ya kadi hii. Kila wiki. Fundi, kuna jambo. Na kile kitanda cha hospitali, na yeye Pamba akimpa mzee habari za gundi ya mwaka mzima. Alifunika uso kwa mikono yenye pamba, akalia, na mkewe akamwacha alie.

“Nimalizie kuutoa?” mkewe aliuliza baadaye, mkasi ungali mkononi.

“Acha.”

“Si ndicho tulichojia?”

“Ndicho na yeye alichojia,” alisema Pamba.

Mkewe akarudisha mkasi kwenye pochi. Akamfunga makaka kwa pini mbili pale palipoachia, akaulaza mkia vizuri, na alipotoka alipita ukumbini bila kuangalia sakafu.

Jumanne saa mbili na nusu Pamba alipanda ngazi za ofisi, shati limepigwa pasi, halina uzi hata mmoja. Kadi ilikuwa kwenye mfuko wa kifua. Mlango wa Daktari ulikuwa wazi. Alisimama, akaegemea fremu, akashangaa kuona mkono wake mmoja umeshaingia mfukoni.

“Shikamoo, Fundi.”

“Marahaba. Daktari, kuna jambo.”

Daktari akaweka kalamu. “Ndiyo, Fundi?”

Mezani, juu ya karatasi zake, kibao kilikuwa kimefika. Kilikuwa kidogo kuliko sahani. Shaba ilikuwa mpya, na jina lake lilikuwa pale lote, majina matatu, hakuna herufi iliyokosewa. Pamba aliliangalia, na sasa ndipo alipomwelewa Profesa barabara, maana palikuwa na kimya, na kimya kile kilikuwa kizito kuliko gorila, na neno moja tu jepesi lilikuwa limemjia mdomoni.

“Gundi,” alisema.

“Imekwisha? Nitaagiza leo.”

“Ipo,” alisema Pamba. “Gundi ipo. Jambo lenyewe ni mkia wa makaka.”

Akaingia, akavuta kiti bila kukaribishwa, akamweleza yote kuanzia sanduku na misumari mitatu mpaka chai ya rangi, bila kumtaja Profesa kwa ubaya na bila kujitetea. Daktari hakucheka, na hakuandika. Alipomaliza, Pamba alitoa kadi mfukoni. Meza ilikuwa imejaa, akaiweka pale palipokuwa na nafasi, juu ya kibao, jina lake likafunikwa.

Daktari aliisoma taratibu, akafika mwisho, akarudi juu kwenye tarehe.

“Anasema atakuambia wiki ijayo,” alisema. “Alikuambia?”

“Hapana, Daktari,” alisema Pamba. “Wiki yenyewe ndiyo hii.”